Aliyeonja Kwanza

Mpenzi wangu Nakato,

Hapa Old Kampala sote tu wazima, na mgongo wa baba yako umepoa. Umeniuliza: kabla ya hiyo maabara yenu, nani alijua muhogo upi una sumu?

Miaka ile ya utawala wa jeshi, ndizi zilipoadimika, nilipata muhogo nikaubandika jikoni siku hiyohiyo. Baba yako alikuwa mdogo, analia njaa. Jirani yetu, mke wa askari kutoka kaskazini, aliingia kuomba moto. Akaokota kipande kibichi, akaonja, akatema, akamwaga sufuria yangu.

"Unamwaga chakula cha mwanangu!"

"Mama, hii iko chungu. Itaua mutoto."

Wake wa askari tuliwaogopa, kwa hiyo nikamwachia jiko. Muhogo uliobaki aliuloweka siku nne, akauanika, akautwanga, akasonga ugali. Kisha akala yeye kwanza, akakaa mlangoni pangu asubuhi nzima akijisikilizia mwili. Adhuhuri ndipo akasema, "Sasa mupe."

Ukiandika utafiti wako, mjukuu wangu, mtaje na yeye. Jina lake sikuwahi kumuuliza. Andika tu kwamba alionja kwanza.

Nakuombea kila siku,
Jaja wako