Habu ya Kushoto

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kuna sauti moja nimeibeba kichwani kwa wiki sita sasa: tak. Ni kavu na fupi, sauti ya chuma kinachoingia mahali pake. Wewe ungeitambua hata usingizini. Naisikia nikipiga mswaki, naisikia nikipanda ngazi za ofisini, na kinachonisumbua si kwamba naisikia, bali ni kwamba naisikia mara moja tu.

Nisamehe kwa kuanza na hilo kabla ya kukujulia hali. Mgongo unaendeleaje? Natumaini umeacha kulala chini ya malori bila mkeka, ingawa najua hujaacha. Mwambie Mama sweta limefika na limenikaa vizuri, ila mikono ni mirefu kana kwamba alimpima mtu mwingine. Mimi mwili ni mzima kabisa. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza sentensi ya pili na kuanza kunitetea, na safari hii sitaki kutetewa.

Najua umewatangazia wateja wako wote kwamba mimi, Profesa wako, sasa ni bosi wa magari. Ni kweli nilikuwa na meza yangu, dirisha linalotazama karakana, na kibao cha funguo ukutani chenye misumari saba, kwa magari saba ya mradi wa visima. Kazi yangu ilikuwa kupanga gari lipi liende wapi, na kuandika ripoti. Watu walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, kwa sababu siku ya kwanza tu nilijisifu kwamba nimekulia gereji. Sikuwaambia kwamba kila nilipogusa spana ulinifukuza, ukisema mikono yangu ni ya kalamu. Majina ya vyuma nayajua yote, Baba. Vyuma vyenyewe sivijui.

Wawili kati yao lazima nikujulishe. Fundi mkuu wanamwita Robo, kwa kuwa hata nati ikikazwa mpaka inalia, yeye husema bado, ongeza robo ya mzunguko. Wa pili ni dereva mmoja mwembamba mwenye kikohozi kisichoisha, anayeitwa Polepole. Miaka kumi na minane hajawahi kukwaruza hata kioo cha pembeni. Wenzake humtania kwamba ukipanda naye asubuhi uage kabisa nyumbani, kwa sababu utarudi na ndevu. Huyu alinipa jina siku ile ile niliyojisifu. Aliniita binti fundi, na hakuwa akitania.

Wiki sita zilizopita tulitumwa, mimi na Polepole, kupeleka pampu mpya kwenye kisima kilichokwisha chimbwa, ng'ambo ya korongo moja lenye udongo mweusi. Tulipofika ukingoni mvua ilikuwa imeanza kushuka kwa hasira. Gari letu ni la zamani, la aina unayoipenda, ambalo fowili yake, ile ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, haiji kwa kubonyeza kitufe. Mtu hushuka na kuzungusha kwa mkono habu, kile kifungio cha katikati ya kila gurudumu la mbele, ndipo injini iweze kulivuta. Basi tukasimama, habu zikafungwa, gia ndogo ikaingizwa, tukateremka.

Chini tulifika salama. Shida ilianza tulipopanda ng'ambo. Magurudumu ya nyuma yakachimba, ya mbele yakakaa tu kama wageni wanaongoja kuhudumiwa. Polepole akasema kwa mshangao, akijiambia mwenyewe zaidi kuliko kuniambia mimi, kwamba mbele hakuvuti. Tukarudi kinyumenyume, tukaserereka, gari likalala ubavu kwenye shimo la maji. Tulitokea dirishani. Hatukuumia, lakini maji yaliingia kwenye injini, na pampu ilizama.

Kesho yake Robo alikuja na gari lenye winchi. Ningependa ungekuwepo. Hapakuwa na mti wala jiwe la kulifungia gari lake ili lisivutwe nalo likazama, kwa hiyo akaamuru tuchimbe shimo la kufika kiunoni, tukalaza humo tairi la spea likiwa limefungwa mnyororo, tukalifukia na kulikanyaga kwa miguu. Nilichimba mpaka viganja vikachubuka. Gari zima likashikiliwa na tairi lililozikwa! Juu ya waya wa winchi Robo alitundika koti lake lililolowa, akatueleza kwamba waya ukikatika, koti litauangusha chini usije ukamkata mtu. Kisha akatufukuza wote mbali, akaanza kuvuta kwa subira, akisimama kila hatua kusikiliza. Gari likatoka likitapika matope milangoni, na hata Polepole akapiga makofi.

Halafu Robo akachuchumaa, akafuta habu kwa kidole gumba. Ya kulia ilikuwa imefungwa. Ya kushoto ilikuwa wazi. Unajua maana yake kuliko mimi: ukifunga moja tu ni sawa na kutofunga kabisa, nguvu yote inakimbilia upande uliolegea na kupotea. Robo akainua macho kumtazama Polepole. Polepole akaitazama ile habu, akatazama viatu vyake, akasema neno moja tu: nilisahau.

Kejeli zilimpokea kabla hata hajaoga. Wakasema Polepole siku moja tu kaharakisha, kaenda kupiga mbizi. Ripoti niliandika mimi, kwa lugha safi, na ndani yake kuna sentensi ambayo nimeikariri kama aya: "Dereva amekiri kwamba alisahau kufunga habu." Kwa sentensi hiyo alinyang'anywa funguo akawekwa getini, kuwafungulia madereva wenzake, akingoja kikao kitakachoamua kama afukuzwe kazi. Kila asubuhi nilipopita alisimama, akavuta geti kwa mikono miwili, akaniambia: "Pita, binti fundi."

Wiki iliyopita nilikuwa karakana nikingoja Robo anisainie karatasi. Gari lilikuwa juu ya mawe, safi, injini imeshafungwa upya. Akaniomba nimfungie habu ya kushoto wakati yeye anashikilia tairi. Nikazungusha kulia, ikagoma. Nikamwambia imeshafungwa. Robo akacheka mpaka akaketi. Akaniambia hiyo habu ni ya ukoo mwingine, imetoka kwenye gari la aina nyingine baada ya ile ya mwanzo kuvunjika, na inafungwa kwa kuzungushwa kinyume. Karakana nzima inajua. Akashangaa kwamba Polepole hakunieleza, maana humweleza kila mtu anayelipanda gari lile, hata wasiouliza.

Nikazungusha kushoto. Tak.

Sasa, Baba, rudi juu pale nilipoandika kwamba habu zikafungwa. Hata kwako nimemficha mtu nyuma ya kitenzi. Zilifungwa na nani? Polepole alikuwa ameshafungua mlango ashuke, akikohoa. Mimi nikamzuia, nikasema abaki, nitafunga mimi. Aliniuliza kama najua. Nikamjibu kwamba mimi ni mtoto wa fundi. Nikashuka kwenye mvua nikiwa na furaha ya ajabu, mikono yangu hatimaye ikishika chuma bila ya mtu kunifukuza. Ya kulia ililia tak. Ya kushoto iligoma kuzunguka, haikulia chochote, na nikajiambia sauti imemezwa na mvua. Nilirudi ndani. Akauliza kama nimefunga zote. Nikasema zote.

Na ile siku ya kuvuta gari, Robo alipofuta matope, nilijua. Sikuwa nimejua kuhusu kinyume, lakini nilijua mkono uliogusa ulikuwa wangu. Nilingoja Polepole aseme, na aliposema nilisahau, niliidaka ile nilisahau kama mtu anayezama anavyodaka kamba. Yeye alitamka neno moja. Mimi nikaliongezea mengine mawili, kufunga habu, kwa kalamu uliyonisomesha nayo. Pampu imechelewa wiki sita, watu wa kule bado wanachota maji mbali, na mtu mwema anavuta geti.

Jumanne nilimfuata getini kabla wengine hawajafika. Nilimwuliza alisahau nini siku ile. Akajibu bila kujivuta kwamba alisahau kuniambia ile ya kushoto inazungushwa kinyume. Na kwamba anayeshika usukani ndiye wa kushuka kuhakikisha, yeye alikaa kwa sababu ya mvua, kwa hiyo kosa lake analo na halikatai. Nikamwuliza kwa nini hakuimaliza sentensi yake mbele ya watu. Akasema yeye ni mtu wa sentensi fupi. Alidhani mimi niliyesoma nitaimalizia. Halafu akaongeza kwamba kweli niliimalizia, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na nikabaki nimemshikia komeo la geti nisijue niliweke wapi.

Hakuniomba chochote. Hilo ndilo lililonishinda.

Kikao kilikuwa kikae Ijumaa. Jumatano asubuhi nilimpelekea meneja ripoti ya pili, na safari hii kila kitenzi kina mwenyewe: nilishuka mimi, nilizungusha mimi, nilidanganya mimi. Aliisoma mara mbili. Akaniuliza kama naelewa kwamba hakuna aliyeniuliza. Nikamwambia nimekuwa nikiulizwa kila asubuhi getini. Akavua miwani, akasema kiti cha usimamizi sitakikalia tena, na mengine atayafikiria.

Hayo mengine sikuyangoja, Baba. Nilirudisha ufunguo wa ofisi, nikateremka karakana, nikamwomba Robo anipokee kama mwanafunzi. Alinitazama viganja, akaona malengelenge ya lile shimo yamegeuka sugu, akanirushia ovaroli inayonitosha mara mbili. Alisema nikikaza nati nisisahau robo. Jana tulilitoa gari kwa majaribio. Polepole, aliyerudishiwa funguo zake baada ya ripoti yangu ya pili, alikuwa kwenye usukani, na kabla hajawasha alishuka, akanisimamia nyuma nikifunga habu. Nilifunga ya kulia kulia, ya kushoto kushoto. Zililia zote mbili. Akasema "haya" na kurudi kwenye kiti chake.

Najua utaumia, na najua utakosa la kuwaambia wateja. Waambie ukweli, watakucheka siku mbili. Nikija likizo naomba unipishe kwenye gereji yako, usinirudishe kwenye vitabu. Kalamu nitaendelea nayo, lakini imeonekana kwamba bila mikono inadanganya.

Msalimie Mama, mwambie mikono ya sweta nimeikunja na inanifaa sasa, karakana kuna baridi. Wasalimie wadogo zangu, na yule mteja wako anayekuita daktari. Jumatatu pampu inasafirishwa tena kwenda kule kule korongoni. Polepole anaendesha. Wa kufunga habu nimejiandikisha mimi, na jina langu lipo tayari ubaoni.

Binti yako,
Profesa, sasa wa matope