Pikipiki Iliyopakwa Mawese

Ujiji, Kigoma
Jumamosi asubuhi

Dada yangu Yusta,

Kamwene, na shikamoo juu yake. Najua hapo ulipo umevaa sweta mbili, kikombe cha chai mkononi, na unaisoma barua hii umesimama mlangoni upate mwanga. Kaa chini kwanza. Mgongo unasemaje? Mama bado anaikataa miwani? Na viazi, vimenusurika mwaka huu au baridi imeviunguza tena? Mimi huku nakula, nalala, naamka. Ukitaka zaidi ya hapo ndipo inabidi niandike, maana kwenye simu hujawahi kuniacha nimalize sentensi, na siku ile nilipopiga mama alikuwa amekaa ubavuni pako, nikaona bora ninyamaze.

Goti halitakunjika tena. Ndiyo habari yenyewe, nyingine zote zinaizunguka hiyo. Daktari aliniita wiki hii, akainua picha ya mfupa kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu, halafu akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mpima ardhi. Akasema, "Basi waombe wakutafutie kazi ya kukaa." Ofisini wamenihamishia masjala, nakaa na mafaili kutwa. Wenzangu wanaondoka asubuhi na vifaa vyao begani, wananiaga kwa upole unaoniudhi.

Nilikwambia ilikuwa ajali ya pikipiki, ukasema ulijua tu. Ni kweli hukuipenda hata siku moja. Nilipokutumia picha yake ulinijibu kwamba mtu mzima mwenye akili hununua kiwanja, hasa anayevipima. Lakini hukuwahi kuniuliza kwa nini niliipenda, na sasa nimebaki na maneno hayo tumboni bila mtu wa kumwambia. Nivumilie.

Niliinunua kwa mhandisi mmoja wa barabara aliyekuwa anarudi kwao, naye aliipata ikiwa kuukuu. Ni ya zamani kuliko ndoa yako. Ni ndefu, ni nzito, kiti chake kimelala chini karibu na ardhi, na usukani umetanuka kama pembe za ng'ombe wa huku. Hukai juu yake umejikunyata kama kwenye hizi za bodaboda. Unakaa umeegemea, miguu mbele, mikono imefunguka, kama mtu aliyealikwa. Siku ya kwanza nilipopita kijiweni, mmoja wa vijana akaniuliza, "Mkuu, hiyo ni pikipiki au kochi?" Wakacheka, nami nikacheka, na tangu siku hiyo jina lake ni Kochi.

Haikuwa na haraka, dada. Hilo ndilo lililonipendeza kuliko yote. Walinipita wote, hata mzee mmoja mwenye baiskeli ya dagaa kutoka Kibirizi alinipita akaniamkia. Asubuhi haikuwaka mpaka uvute choki na uibembeleze, halafu ikakohoa mara mbili na kutulia kwenye ule mngurumo wake wa chini chini ambao unakufikia ubavuni kabla ya masikioni. Ilivuja oili kidogo, sikuichukia kwa hilo. Jumamosi nilikuwa nakaa uani nafungua plagi, nazisugua, nasafisha kabureta, naifunga tena, na mchana mzima unaisha sijamuwaza mtu wala mshahara. Jumapili natoka kwenda njia ya Simbo, michikichi huku na huku, barabara nyekundu mbele yangu. Au nazunguka Kibirizi, naiegesha juu kidogo, natazama milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Joto la Ujiji unalijua kwa kusikia tu. Ule upepo wa kifuani nikiwa juu ya Kochi ndio Njombe pekee niliyoipata huku.

Sasa nikueleze ilivyotokea, na hili ni lako peke yako.

Mwenye nyumba wangu, Bi Tatu, unamjua kwa simu. Ndiye yule anayekuuliza kila mara utanitafutia mchumba lini. Ni mjane, mtu wa hapahapa Ujiji tangu mababu, anauza mawese barazani. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa reli, na anachokijua Bi Tatu kuhusu chuma ni kimoja: kipake mafuta. Yeye ndiye aliyenifundisha kufuta mawese kwenye sehemu za Kochi zinazong'aa ili unyevu wa ziwani usilete kutu. Nilimcheka, nikajaribu kwenye mabomba ya moshi na madigadi, ikafaa kweli.

Tena ana desturi yake moja. Kitu cha mtu ukiachiwa ukitunze, hukirudishi kama ulivyokipokea. Sufuria ya jirani inarudi imesuguliwa. Mtoto wa jirani anarudi ameoga, amepakwa mafuta mpaka kwenye visigino. Kwa hiyo kazi iliponipeleka Kasulu kupima mashamba, nikamwachia Kochi uani, nilipaswa kujua atanirudishia nini. Niliporudi nilisimama mlangoni mzigo ukiwa bado mkononi. Ilikuwa inawaka. Alikuwa ameipaka taa, mabomba, spoki moja baada ya nyingine. Akanitazama usoni kuona nitasema nini, nikamwambia, "Bi Tatu, hii nikaoe nayo." Alifurahi mpaka akajifunika mdomo kwa upande wa khanga.

Kitu ambacho sikukitazama ni diski ya breki ya mbele, lile sahani la chuma ambalo breki hulibana ili gurudumu lisimame. Machoni pa Bi Tatu hilo ndilo lililong'aa kuliko vyote. Alilipaka sawasawa, mbele na nyuma.

Njia zetu za ndani hapa ni mchanga mtupu, na kwenye mchanga hakuna anayeigusa breki ya mbele, utalala chini hapohapo. Nilitoka nyumbani natumia breki ya mguu tu. Kwenye lami sikuwa na haraka, nikapanda taratibu mpaka Mwandiga kumrudishia mtu vifaa vyake. Nilikuwa na furaha, dada, nakumbuka nilikuwa naimba ndani ya kofia. Wakati wa kushuka, kwenye mteremko, bajaji iliyojaa mikungu ya ndizi ikasimama ghafla mbele yangu. Breki ya mguu peke yake haiwezi uzito ule mteremkoni. Nikabana ya mkono kwa nguvu zote nilizonazo. Mkono ulibana, gurudumu halikuwa na habari. Nikaikwepa ile bajaji nikaingia mtaroni, na Kochi ikanilalia goti la kulia. Walionitoa ni akina mama wa pale Mwandiga, walewale ninaowaamkia mwakeye kila nikipita, nao wakazoea kunijibu huku wakikicheka Kiha changu. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Fundi Hamisi, anayenitengenezea Kochi, alikuja kuniona wodini akiwa bado na grisi kwenye kucha. Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Kaka, nimeifungua," akasema. "Nani aliyeiunga hii breki?"

"Kuiunga kivipi?"

"Kwa mawese. Nimepitisha kidole nikakinusa. Bado kitunguu tu."

Nilimshika mkono nikamwomba asimwambie mtu yeyote.

"Hata aliyepaka?"

"Hasa huyo."

Alinitazama kama mtu anayetaka kubisha, halafu akaitikia.

Bi Tatu mwenyewe alikuja jioni ileile na ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, mgebuka wa kukaanga, akaweka chakula chini, akaanza kulia. "Nimekosa mimi, mwanangu," akasema. Nikadhani anajua. Akaendelea, "Niliing'arisha mno. Watu wameitazama sana ilivyopita. Ni jicho hilo." Basi nikamwambia ndiyo, Bi Tatu, ni jicho. Ningemwambia nini? Yule mama ana mikono yake miwili na dumu la mawese, ndivyo alivyonipenda. Nikimwambia mikono hiyo ndiyo iliyonivunja, atakufa nayo.

Usije ukadhani nimekuwa malaika. Ziko siku namsikia anaimba jikoni na nataka nimwite nimwambie yote, kwa sauti, majirani wasikie. Naukamata mguu huu kwa mikono miwili kuushusha kitandani, na hasira inanipanda. Halafu anatoka na sahani, ameinama kidogo, ananiuliza kama nimepata usingizi. Inabaki hasira isiyo na mtu, na hiyo ni mbaya kuliko nyingine, haina pa kutua.

Jumapili iliyopita nilijaribu. Hamisi alinishikilia, nikapitisha mguu mzima juu ya kiti, nikakaa. Kukaa tu, nilitaka kulia. Mguu wa kulia ulibaki umenyooka pembeni kama mwiko, haufiki kwenye breki, na nilipojaribu kuisimamisha Kochi wima, uzito ukanielemea, Hamisi ndiye aliyetuzuia wote wawili tusianguke. Kisha nikaiwasha. Iliwaka mara ya kwanza, haikukohoa hata kidogo. Hicho ndicho kilichonimaliza. Ningefurahi kama ingekataa. Nilikaa pale imesimama inanguruma chini yangu, majirani wamejaa ukutani wanatabasamu, Bi Tatu anapiga vigelegele, na mimi najua ni mwisho. Nikaizima. Hamisi anasema anaweza kuihamishia breki upande wa kushoto. Anasema tu, anajua kama ninavyojua. Breki inahamishika, uzito hauhamishiki.

Uliniambia niiuze. Yuko mzee wa Simbo anaitaka injini peke yake, aifunge kwenye mashine ya kukamua mawese. Mawese, dada. Nilicheka peke yangu barazani mpaka Bi Tatu akatoka kuuliza kuna nini. Nilipomwambia kuna mteja, alikwenda kumkabili yule mzee mwenyewe: "Baba, rudi kwenu. Mwenye chombo anapona." Mzee akaondoka, na mimi sikumrudisha. Ukiniuliza sababu, moyoni sina, labda kwa kuwa nikiiuza nitakuwa nimekubali.

Kazi ninayokupa ni mama. Mwambie aache kukisafisha kile kibanda cha kuku, hakuna chombo kinachokuja kulala humo. Safari ya kuja huko na Kochi nilikuwa nimeipanga kichwani mpaka mahali pa kujaza mafuta: Uvinza, Mpanda, Sumbawanga, Tunduma, Mbeya, Makambako, kisha ile baridi ya nyumbani inipige usoni nijue nimefika. Nilimwahidi kumpeleka kanisani nimempakia nyuma, akaniuliza kama kofia ya pikipiki inavaliwa juu ya kilemba au chini yake. Ananiuliza hivyo kila nikipiga simu, na kila mara namjibu juu. Mimi siwezi kumwambia, nimejaribu. Tafuta siku ambayo hajachoka. Likizo nitakuja kwa basi, kama watu wengine, nikae kiti cha mbele ninapoweza kunyoosha mguu.

Nisalimie shemeji, mwambie panga alilonipa bado ninalo ingawa sina tena pori la kufyekea. Nisalimie mjomba mwenye kinu, na mama mdogo anayeuza ulezi sokoni, mwambie mafuta aliyonitumia ya kuchulia goti nayatumia, asijue kwamba hayasaidii. Wanao wabusu wote. Mkubwa asianze kuota pikipiki, au aote tu, sina nguvu za kumkataza mtu.

Nilitaka kukuandikia zaidi lakini nashindwa, kwa sababu Bi Tatu ametoka uani na dumu lake na kitambaa. Kila Jumamosi anafanya hivi tangu nitoke hospitali. Amechuchumaa mbele ya Kochi, miguu ya uzee inatetemeka. Amemaliza taa, amemaliza mabomba. Hamisi alikuwa ameiosha ile diski kwa petroli mpaka ikawa kavu kabisa, na sasa kitambaa kimeifikia. Nimefungua mdomo nimzuie, dada. Halafu nimeitazama Kochi, nimeutazama mguu wangu uliolala kwenye kigoda, nikaufunga.

Nimemwambia, "Paka tu, Bi Tatu. Ipake vizuri."

Hakugeuka hata kunitazama. Amechovya kitambaa tena, anazungusha mkono polepole, sahani lote linang'aa jekundu juani. "Napaka, mwanangu," amesema. "Siku ukipona utakuta inateleza yenyewe."

Mdogo wako,
Festo