Udongo Mweupe wa Profesa

Kamina, Jumanne, 1998

Simchukii Profesa kwa kuwa alisomea udongo kabla ya kuhamia kwenye tiba. Wapo waliofika pazuri kwa njia ndefu zaidi. Namchukia kwa shauri lake: mtoto anayehara anyimwe maji, alambishwe pemba, ule udongo mweupe.

Leo aliwakusanya akina mama wa kambi ya askari. Wote walimsifu. Nikamuuliza ushahidi uko wapi.

"Si unabaona, papa? Batoto ba hawa bamama bote balipona."

"Na bamama benye batoto balikufa?"

"Bale habakukuya. Beko ku kilio."

Alisema hivyo bila kupepesa macho. Mama aliyefiwa habanduki kwenye kilio, matanga ya mwanawe, kwa hiyo haingii katika hesabu yake. Nilipomwambia, alicheka.

"Weye uko muntu wa redio. Soma tu karatasi."

Karatasi yenye shauri lake ninayo. Mkuu wangu anataka niisome redioni kesho asubuhi. Vita vimefunga njia ya dawa, watu watashika lolote watakaloambiwa.

Nitasoma swali langu na jibu lake, kisha nitasema: mpeni mtoto maji yaliyochemshwa. Wanifukuze baada ya hapo.