Bei ya Siku Nzima

Jumatatu, 4 Mei

Kitindamimba anaoa! Tarehe ishirini na tatu, Jumamosi. Kaja mwenyewe studio kuniambia, kakaa kwenye kiti cha wateja, anakizungusha, anacheka peke yake. Mdogo wangu huyu ambaye hata kitanda hajui kutandika. Nimefurahi mpaka nimemsamehe deni la simu.

Nikafungua kalenda, nikajiandikia kazi. Jioni nimepita nyumbani, Mama akaniambia niifute.

Kumbe amekaa na Baba wakaangalia albamu tatu za familia. Harusi ya Dada, sipo. Harusi ya Kaka, sipo. Baba alipostaafu, sipo. "Mgeni akiziangalia atajua nimezaa watatu," anasema, "na wewe nilikuokota uje upige picha." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Halafu likaja la Baba. Jicho la kushoto lilishakufa siku nyingi. La kulia linasubiri upasuaji mwezi wa saba, na daktari hakuficha: huenda likapona, huenda likazima kabisa. Baba anataka albamu ya nne, ya harusi hii, yenye watoto wake wote wanne. Aifungue kwa mkono wake, aone mwenyewe, ndipo aende akalale kwenye kitanda cha hospitali.

Haya. Nimefuta. Sijawahi kwenda harusini mikono mitupu tangu niwe mtu mzima. Nitavaa nini?

Jumatano, 6 Mei

Kikao cha familia. Nani atapiga picha?

Kaka ana jirani yake, simu ina kamera tatu mgongoni. Dada anamjua kijana wa bei ya kutupa, tena anakupa picha zote siku ileile. Nikauliza, hata zile watu wamefumba macho? Zote, anasema, na nisiwaringie.

Nikawaeleza taratibu. Kwamba siku moja ya harusi inazaa siku nyingi za kukaa mbele ya kompyuta: kuchagua, kusafisha, kumfuta jasho mjomba kwenye kipaji cha uso. Kwamba huendi na kamera moja, maana ikizimika huwezi kuwaambia maharusi warudie kiapo kesho. Kaka akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Lakini si kubonyeza tu?"

Kaka yangu wa tumbo moja. Studio yangu aliwahi kunisaidia kupaka rangi.

Akasema pia, kama tatizo ni Baba kutuona wanne, si twende studio kwangu kesho tujipige, yaishe? Baba akakataa. "Picha ya studio ni ya pasipoti. Mimi nataka harusi ya mwanangu. Na mtafute anayejua kazi. Rahisi ghali." Maneno hayo nimeyaandika ukutani kwangu kwa rangi nyekundu. Sijui kama alikuwa ananitania.

Mwisho wakanitwika mimi. Hao ni wenzako, wanasema, watakupunguzia.

Ijumaa, 8 Mei

Nimekwenda kwa Kimya. Mafundi picha wote wa mji huu tunamwita hivyo, na anaitika, akikumbuka kuitika. Lakini mkono wake! Simtaki mwingine.

Akataja bei. Nami nikausikia mdomo wangu unasema, "Punguza basi, ni familia tu." Ukaendelea. Picha zenyewe chache. Hutakaa sana. Na utapata wateja palepale. Maneno yaleyale ninayoambiwa kila wiki na kuwasimulia watu nikicheka. Yametoka moja baada ya jingine kama niliyakariri.

Kimya aligeuza shingo akatazama ukutani. Pale kuna karatasi ya chama chetu: bei ya chini kabisa ya harusi, na anayeshuka hapo anatozwa faini. Chini kuna saini ya katibu. Katibu ni mimi. Mwaka jana nilimtoza faini yeye huyuhuyu kwa kumpunguzia shemeji yake.

Nikasema hii yangu ni tofauti.

"Sawa, Katibu," anasema. "Nimwache nani nyumbani? Mke wangu au kamera ya akiba?"

Mkewe ndiye hupiga upande wa pili, wakati yeye anampiga bibi harusi yule anawapiga wazazi. Bila yeye huoni mama analia. Nalijua hilo vizuri. Nikaondoka bila hata kuaga.

Jumamosi, 9 Mei

Nina hasira, na sijui namkasirikia nani. Nimemsimulia Mama. "Mkuki kwa nguruwe," anasema, akaendelea kukunja nguo. Hakumalizia. Hakukuwa na haja.

Jumatatu, 11 Mei

Nimelipa nusu ya kutangulia. Bei kamili, bila kupunguziwa hata senti. Ni hela niliyoweka ya lenzi, lenzi itangoja. Kimya kaandika risiti, kanipa mkono, kasema, "Karibu sana, mteja." Nadhani ulikuwa utani. Kwa mtu yule huwezi kujua.

Alhamisi, 14 Mei

Nimempeleka Baba hospitali. Nilidhani ni kupimwa tu kama kawaida. Daktari kaangalia lile jicho muda mrefu, kaangalia tena, kasema mwezi wa saba ni mbali. Nafasi ipo Jumanne tarehe ishirini na sita. Tukiiacha, hatabaki na jicho la kupasua.

Harusi Jumamosi, upasuaji Jumanne.

Albamu ya Kimya ni wiki tatu. Yangu pia ni wiki tatu. Wateja wakilalamika huwa nawaambia, tena kwa kiburi, kwamba kazi nzuri haitaki papara.

Tulipofika mlangoni Baba akaniuliza kama siku tatu hizo zitatosha albamu. Nikamwambia zitatosha. Sijui nilisema kwa akili gani.

Jumanne, 19 Mei

Siku nzima nimezunguka na jambo hili. Mchapishaji wa albamu nimemweza: akipata kurasa Jumapili jioni, Jumatatu atachapa na kujalidi. Ni rafiki, na nimemlipa ya haraka bila kubishana. Nimejifunza.

Amebaki Kimya. Nikamwambia niko tayari kulipa ya haraka, hata mara mbili. Akatikisa kichwa. Jumapili ana harusi nyingine, ya watu waliomlipa tangu mwaka uanze. Hela yangu haimpi Jumapili ya pili.

Nikasema basi nipe zikiwa mbichi, nitazisafisha mwenyewe usiku huohuo. Akaniangalia kwa huruma. Kwenye karatasi yetu imeandikwa: picha mbichi hazitoki mkononi mwa fundi, maana jina linaloharibika ni lake. Nimeyaandika mimi hayo, na nimeyapigia mstari.

Tukakaa. Mkewe akatuletea chai. Mimi nikalitoa kabla sijalifikiria vizuri: "Jumapili nitakwenda mimi badala yako. Na mkeo. Wewe ukae ufanye albamu ya Baba."

Kimya akatoka nje kuwapigia simu wale maharusi. Wananijua kwa kazi, wamekubali. Akarudi, akasema, "Siku kwa siku." Ya haraka hakutaka.

Nimerudi kumwambia Mama nikitabasamu. Uso wake ukabadilika. Jumapili ndiyo wanakula wote nyumbani, Baba kaomba hivyo mwenyewe, kabla Dada hajarudi kwake. Jumapili ya mwisho kabla ya Jumanne. Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Basi," akasema Mama. Akaniuliza kama nimekula.

Jumamosi, 23 Mei

Miguu inauma. Viatu vya kupendeza si vya kusimamia. Nimechoka lakini niandike kidogo.

Mdogo wangu kaoa. Suruali ilikuwa fupi kidogo, hakuna aliyejali. Mimi sikujua pa kukaa. Mara tatu nimejikuta pembeni, pale anaposimama mpiga picha, na mke wa Kimya ananisogeza kwa kiwiko kwa adabu zote.

Nimeona vitu ambavyo kumbe huwa sivioni. Watu wanacheza! Kaka yangu anajua kucheza. Na nimeona kwamba Kimya hakuweka kitu mdomoni tangu asubuhi, na hakuna aliyemuuliza. Nimempelekea sahani. Ameishika kidogo, ameiweka chini, amekimbia. Bibi harusi alikuwa anatupa maua.

Ikafika picha yetu. Baba katikati kwenye kiti, Mama kando yake, sisi wanne nyuma. Mikono yangu nilikuwa sijui niipeleke wapi. Jua lilikuwa nyuma yetu, nikaanza kunong'ona, "Flashi, flashi," Mama akageuka akanifinya. Kimya akasogea karibu akamuuliza Baba, "Mzee, kati ya hawa wanne, nani alikusumbua zaidi?" Baba akageuka kuonyesha, na sisi wote tukanyoosheana vidole, kila mmoja kwa mwenzake, kama watoto. Hapohapo akapiga. Nilisikia mlio wa kamera kwa upande ule mwingine, mara ya kwanza maishani mwangu.

Nimelia. Wanja wote chini. Sasa nawaelewa mabibi harusi.

Baba alikuwa amenishika mkono. Hakuuachia mpaka walipoleta keki.

Jumapili, 24 Mei

Naandika ndani ya stoo ya ukumbi, nyuma ya jukwaa. Nimekalia begi la kamera. Wageni wanakula, sisi tumeambiwa tutaitwa. Mke wa Kimya amevua viatu, amelala kaegemea viti vilivyopangwa. Tuko hapa tangu bibi harusi anasukwa.

Watu wema. Bwana harusi analia kila akiguswa bega. Nimempata vizuri mara mbili, nadhani.

Kimya kaandika ujumbe. Neno moja: "Nusu." Mchapishaji anafunga jioni. Nimempigia akasema atangoja kidogo, lakini si mpaka kesho, na nisimpigie kila dakika. Nilitaka kumwandikia Kimya ajitahidi. Nimeandika, nimefuta. Mimi nikiandikiwa hivyo huwa nageuza simu kifudifudi.

Dada ametuma picha kutoka nyumbani. Kapiga kwa simu yake, kanyoosha mkono. Meza nzima imo. Nusu ya uso wake mwenyewe, Kaka kafumba macho, Kitindamimba na mkewe wanagombea kijiko, Mama anasema kitu, Baba katikati. Mwanga mbaya, wote wamekuwa wa manjano. Nimeiangalia muda.

Akatuma na sauti aliyoirekodi. Baba kaomba simu aone. Kaiweka karibu kabisa na jicho, anahesabu kwa kidole. "Wa nne yuko wapi?" Mama kamwambia yuko kazini. Baba akasema, "Ah," akairudisha simu. Dada kasimulia akicheka, hana nia mbaya. Nikaisikiliza tena, halafu nikaizima.

Kuna mjomba wa bibi harusi aliingia sasa hivi kutafuta kiti. Mzee mcheshi, shati limemtoka. Kaona kamera zetu mbili mbili zimepangwa sakafuni, kaguna. Anasema ndiye aliyelipia picha. Hebu nimweleze, mwanangu, mbona tunawakamua hivi? Si kubonyeza tu?

Majibu ninayo. Nimeyaandika kwenye karatasi nzima, nimeweka saini. Kamera ya akiba, mke wa Kimya, siku za kompyuta, vyote hivyo.

Nikamwambia, "Bei ni ya siku nzima, mzee."

"Siku nzima gani? Hapa ni saa chache tu."

Nikasema ndiyo. Akachukua kiti chake akaenda.

Kimya tena: "Robo tatu. Baba yako anacheka vizuri."

Nje giza halijaingia, lakini haliko mbali. Wanatuita, keki. Nimemgusa bega mke wa Kimya, anatafuta kiatu kimoja chini ya viti. Simu naiacha hapa juu ya begi, isije ikalia wakati wanakata keki.