Madoa ya rangi kwenye shati la fundi

Shoga, mume wangu karudi kutoka kazini, siku yake ya kwanza, na kakauka kama gogo.

Unajua alikotoka. Kapaka rangi kuta za saluni, kachora fulana, ndiyo leo kakalishwa mbele ya kompyuta kwenye ofisi ya matangazo.

Kazi ya kwanza kupewa ni bango la msiba. Kufungua picha, ni fundi wake! Yule mzee aliyemfundisha kushika brashi.

Hakujua kama amefariki. Hakujua, shoga!

Bosi kasimama nyuma yake: "Hayo madoa ya rangi kwenye shati yafute, marehemu apendeze."

Akayafuta, moja moja.

Bosi akamsifu: "Una mkono mzuri. Nani kakufundisha?"



Saa hizi yuko bafuni anasugua kucha, na leo hazina hata doa la rangi.