Mama Yetu Teodora, Muuguzi wa Kambi ya Kipindupindu Igogo

Mama, mwaka umezunguka tangu ulipotutoka katika mvua zile za Elinino, na bado mtu akigonga mlango kwa haraka tunashtuka.

Ulipenda kuimba nyimbo za kwaya ukipalia mchicha wako kati ya mawe. Samaki wa sato ulimkaanga mwenyewe, hata ukitoka zamu umechoka. Mtoto wa jirani akikupa shikamoo, hukupita bila kumwuliza hali ya mama yake.

Kipindupindu kilipoingia Igogo, walikupeleka kwenye mahema ya kambi ya wagonjwa. Ukirudi ulisimama uani kwanza, ukanawa kwa maji ya dawa, ukatuambia, "Msinisogelee." Tulikutazama kupitia dirisha. Tuliogopa ugonjwa, tukaogopa hata mikono yako.

Mtaani wakasema ule unga wa dawa mnaoutia visimani ndio unaoua watu. Aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote ni jirani yetu Shimba. Mawe yakaanguka juu ya bati letu. Baba akakusihi, "Mama Rebeka, acha hiyo kazi. Hawa watoto wanakuhitaji."

Ukamjibu, "Naogopa kuliko wewe, Baba Rebeka. Mimi nimeona kinavyoua. Ndiyo maana siwezi kukaa."

Kisha mke wa Shimba akaanza kuharisha na kutapika, macho yakadidimia. Shimba alikuja mbio, akagonga mlango wetu kwa haraka. Hukumwuliza kitu. Mlimpakia mgonjwa kwenye mkokoteni, mkamkimbiza kambini. Alipona.

Juma lililofuata ukaanguka wewe. Mafuriko yalikuwa yamekata barabara, na dripu zilikuwa zimekwisha. Baba alisimama nje ya kamba iliyozungushwa kambini, akikuita. Ukamwambia kwa sauti ambayo hakuijua, "Usivuke. Wachemshie watoto maji." Gari la dawa lilipofika, ulikuwa umeshanyamaza.

Bwana afya na wenzake walikufunga kwenye plastiki, wakakuzika. Hatukukuosha, Mama. Hatukuuona uso wako. Msibani hapakupikwa chakula, na wengi walitupa pole wakiwa barabarani. Shimba na mkewe waliingia ndani, wakakaa nasi chini.

Sasa mvua zimeanza tena. Juma hili mahema yamesimamishwa upya karibu na ziwa. Rebeka, uliyemwacha chuo cha uuguzi, amemaliza masomo, na amepangiwa huko huko. Siku ya kwanza Baba alimshika mkono kama anayemzuia, kisha akauachia. Alipoona Rebeka amepinda kona, aliingia chumbani akajifungia, tukamsikia akilia.

Mwombee Rebeka, Mama. Utuombee na sisi tunaomsubiri.

Unakumbukwa na mumeo Jonathan Mihayo. Wanao Rebeka, Nathaniel na Faith. Mama yako mzazi, Bibi Tereza. Ndugu zako wa Magu na Ukerewe. Wauguzi wenzako, na majirani wa Igogo.

Tukiwa hai, hutasahaulika.