Dirisha la Mama Kambini

Nyumba za Kambini,
Safu ya Baharini, mlango wa kati.
Tarehe 9 Juni

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu. Kabla hujauliza: Mama yupo, anakula, na jana tu kamsema mdogo wetu kwa kuvaa shati lenye makunyanzi wakati dada yake anapiga pasi nguo za mtaa mzima. Kwa hiyo usishtuke. Wewe je, hujambo? Shemeji mgongo umeacha kumsumbua? Na kitindamimba wako, meno yametoka, au bado anatucheka na ufizi?

Sisi miili ni mizima. Ni mengine yaliyonifanya nishike kalamu, maana kwenye simu ningelia, na Mama yupo hapo hapo ametega sikio.

Ulisikia kwamba kambi yetu imekuwa kitu cha maana. Tangu jeshi lihame, sisi wajane na watoto wa askari tuliobaki humu tulikuwa hatuna mwenyewe. Sasa imetangazwa kuwa urithi wa taifa. Ghala la baruti, geti lenye tao, hata kile choo cha maafisa tulichokuwa tunaogopa kukipita, vyote vina vibao. Nilifurahi, sikatai. Paa letu lilizibwa bila sisi kutoa hata senti, na tuliambiwa wazi kwamba hakuna atakayefukuzwa.

Aliyekuja kukagua upande wetu ni binti mmoja mpole, mtaalamu wa majengo ya kale, pamoja na wenzake wa kupima. Anabisha hodi, anavua viatu, anaomba maji ya kunywa. Alitueleza kwamba safu yetu ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu ukuta wa baharini ulijengwa wa kuzuia risasi, bila madirisha, una vitundu vya hewa tu huko juu karibu na dari. Kuta za namna hiyo zimebaki chache mno. Kisha akalitazama dirisha la Mama, akauliza kwa adabu kama lilikuwepo tangu mwanzo.

Ningeulizwa mimi, ningesema sijui. Lakini Mama unamjua. Tangu miguu imgomee, anashinda kwenye dirisha lile kuanzia chai ya asubuhi, na barabara yote ya ufukweni inapita mbele ya pua yake. Wanafunzi, wauguzi, makuli wa bandarini, wote lazima wamwamkie. Anawapa pole, anawagombeza, anasuluhisha ndoa zao wakiwa wamesimama nje juani. Wanamwita Mama Dirisha, na mimi nikienda sokoni ni mtoto wa Mama Dirisha, jina langu halina kazi. Na hakuna anachokipenda kama kuulizwa habari za dirisha lenyewe.

Basi akaanza. Jinsi mimba yako ilivyomkaba pumzi humu ndani hadi akawa anazirai. Jinsi Baba, mpishi wa jeshi ambaye hakuwahi kushika tindo, alivyoomba ruhusa ya kutoboa ukuta akanyimwa, akangoja wenzake wawe gwarideni, akatoboa. Jinsi alivyowekwa mahabusu akatoka huko anacheka, kwa sababu mke wake anapumua. Nilimkonyeza, nikakohoa, nikamuuliza kama hataki maji. Akaniambia niache kumkatiza. Binti yule alikuwa ameshaweka kalamu chini, lakini wenzake waliandika kila neno.

Baadaye alinifuata nje nilikokuwa naanika nguo. Alinieleza kwamba kilichofanywa na jeshi kinabaki, ila kilichoongezwa na mkaaji bila ruhusa kinaondolewa, ukuta urudi ulivyokuwa. Akasema kwa sauti ya chini, "Tulidhani jeshi lenyewe ndilo lililotoboa. Tungeliacha."

Aliandika kutuombea, akajibiwa hapana. Nikaenda mwenyewe ofisi kubwa, njia nzima nikipanga maneno makali. Nikapewa kiti, nikapewa soda, nikaelezwa upya thamani ya ukuta ule, na mkubwa wao akanisindikiza hadi mlangoni akinipa pole. Dada, ningempata mtu wa kumkasirikia, ningepata nafuu. Hayupo. Thamani ya ukuta naielewa. Ila na Baba naye alikuwa mtu wa jeshi hilo hilo, au wapishi hawahesabiwi?

Sasa nakuomba jambo moja. Ukipiga simu, usimwambie Mama sababu. Tumemwambia kwamba ukuta unaliwa na chumvi, lazima dirisha lizibwe, usije ukamwangukia. Akijua kwamba ni maneno yake mwenyewe, hatasimulia tena kitu chochote, na kusimulia ndiko kulikombakia.

Na aliyeliziba unataka kumjua? Mdogo wetu. Mkandarasi alikuwa anatafuta waashi wa mawe na chokaa. Yeye, ingawa ndiyo kazi yake, alikataa kabisa, akasema afadhali alale njaa. Kisha akasikia kwamba wataletwa waashi wageni, waingie na mabuti chumbani kwa Mama, akaenda kujiandikisha bila kuniambia. Nilimnunia kutwa nzima, halafu nikamwekea chakula.

Mama alikataa kuhamishwa siku ile. Alikaa kwenye kiti chake, mtoto amempa mgongo, anapanga mawe moja baada ya jingine na chumba kinazidi kuwa giza. Ilipobaki nafasi ya kupitisha mkono tu, mdogo wetu alisimama na mwiko wake, mabega yanatikisika, hawezi kuendelea. Mimi nilikuwa mlangoni. Mama ndiye aliyesema, "Usilipue kazi, mwanangu. Baba yako hakulipua."

Akaendelea, na kwa kweli amejenga vizuri. Yule binti alikuja kupiga picha, akapapasa ukuta, akaondoka bila kuomba maji.

Kiti Mama hataki kisogezwe. Anakaa hapo ameukabili ukuta, taa inawaka mchana. Wapita njia bado wanamsalimu kwa mazoea, na sauti zao zinashuka kupitia vile vitundu vya juu: Mama Dirisha, umeamkaje? Naye anaitikia, kila mmoja kwa jina lake, anawauliza habari za watoto, anawauliza homa zao. Sauti yake haifiki nje. Naacha pasi, natokea mlango wa nyuma, nazunguka safu nzima mbio ili niwaambie ameitikia, nikifika wameshapita. Wiki hii wanaosalimu wamepungua. Wanadhani amewanunia.

Nisalimie Shemeji, watoto wote, na Shangazi mkubwa ukimpata. Mdogo wetu anakusalimu. Mama anauliza utakuja lini. Mungu awafunike huko mliko, na atukutanishe sote Mama akiwa bado ana hamu ya kuongea.

Ni mimi, nikupendaye siku zote,
Mdogo wako.